Kinanda cha Marekani, Umeme wa Magomeni

Mwaka 1994 bendi yetu ya mtaani pale Magomeni ilimwita fundi mmoja tapeli, mbele ya wateja wake na watoto waliokuwa wakipita, na mimi nilikuwepo, nikapaza sauti pamoja na wenzangu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Leo naliandika kwa sababu nimekuja kufahamu kwamba yule mzee alisema kweli katika kila neno alilotuambia, na kwamba ugomvi wetu wa siku ile ulianza kabla hajazaliwa yeye wala sisi, huko New York na Berlin, wakati watu wengine kabisa walipokuwa wanagombania bei ya shaba.

Kisa chenyewe ni hiki. Kulikuwa na Mmarekani mmoja Oysterbay amemaliza mkataba wake, anauza vitu vya nyumba: friji, viti, vitabu, na kinanda cha Hammond. Si kile kikubwa cha kanisani, bali kile cha nyumbani, cha mbao iliyong'arishwa, chenye safu mbili za funguo na pedeli chache za miguu. Kiongozi wetu alipokiona hakulala. Sauti ile tulikuwa tunaijua kwenye santuri tu. Tukachanga fedha za harusi tatu tulizopiga, mpiga besi akauza baiskeli yake, tukakodi pikapu, watu sita tukakibeba kwa "haya twende" kama tunabeba jeneza la mtu mzito.

Nyuma kilikuwa na kibati kidogo: volti 117, mizunguko 60. Kiongozi alisoma namba ya kwanza tu. Sote tulisoma namba ya kwanza tu.

Na namba ile tulikuwa na sababu ya kuiogopa. Miezi michache nyuma tulikuwa tumenunua amplifaya ya mtumba kutoka Japani, tukaiwekea adapta ya plagi, ile ya kugeuza miguu bapa iwe miguu ya kwetu, tukachomeka. Sekunde mbili. Ukatoka moshi mweupe na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali popote tumbo linanikata. Kumbe adapta ya namna ile inabadilisha umbo la miguu na si kitu kingine. Amplifaya ya Japani hutengenezwa kwa volti 100. Soketi yetu Tanzania hutoa 230. Ukizidisha volti mara 2.3 katika kitu kama hita au taa, nguvu inayopita haizidi mara 2.3, inazidi zaidi ya mara tano. Hakuna koili ya amplifaya inayovumilia hayo.

Kwa hiyo safari hii tulijifanya werevu. Tukaenda Gerezani kwa fundi mmoja mzee, msusi wa mota na transfoma, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alisikiliza, akauliza kinakula wati ngapi, akauliza kitapigwa saa ngapi kwa usiku mmoja. Kisha akauliza swali ambalo tulilichukulia kuwa la kizee: "Hicho kinanda kinazunguka au hakizungukii?"

Kiongozi akacheka. "Mzee, kinanda kinazunguka vipi? Ni kinanda."

"Vijana wangu," akasema, "mimi nitawashushia volti. Mizunguko sina uwezo nayo. Kama ndani kuna mota, kitaimba chini."

Hakuna aliyemjibu. Tukampa nusu ya fedha, nusu nyingine tukaahidi kazi ikikamilika. Baada ya siku nne akatukabidhi chuma cheusi kizito kama tofali mbili, na ubavuni ameandika kwa chokaa ya rangi: 230 – 115.

Sasa niache kisa hapo kidogo, kwa sababu bila historia msomaji atatuonea huruma tusiyostahili.

Tarehe 4 Septemba 1882 Thomas Edison aliwasha mitambo yake katika mtaa wa Pearl, New York. Umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, wa volti kama 110 hivi. Kwa nini 110? Si hesabu ya mbinguni. Balbu zake zilikuwa na uzi wa kaboni, na uzi ule ulidumu vizuri kwenye volti za kiasi kile. Basi. Balbu ndiyo iliyoamua, na kila kitu kilichofuata, redio, pasi, gitaa la umeme, kikalazimika kuifuata balbu. Tatizo lake ni kwamba umeme wa volti ndogo hupotea njiani ukiwa joto kwenye nyaya. Ilimbidi Edison ajenge mtambo karibu kabisa na wateja wake, la sivyo atandaze shaba nene mno.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana Budapest. Mwaka 1885 mainjinia watatu wa kiwanda cha Ganz, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma iliyofaa kazi kweli, na Machi 1886 William Stanley akawasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Marekani, kwa njia hiyo hiyo. Kitu chenyewe kwa maelezo ni rahisi mpaka mtu unakasirika hukukibuni wewe. Koili mbili za waya zimezungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Hazigusani. Umeme ukipita huku na kurudi katika koili ya kwanza, chuma kinapata sumaku inayogeuka-geuka, na sumaku ile inaamsha umeme katika koili ya pili. Koili ya pili ikiwa na mizunguko nusu ya ile ya kwanza, volti inatoka nusu. Lakini lazima umeme wenyewe uwe wa kwenda na kurudi, yaani mkondo geu. Ukiilisha mkondo mnyoofu wa Edison, transfoma inakaa kimya na kuungua.

Hivyo mkondo geu ukashinda: unaupandisha volti usafiri mbali, unaushusha mlangoni kwa mteja. Angalia lakini kile ambacho transfoma haigusi. Ikilishwa mizunguko 60 kwa sekunde, inatoa 60. Ikilishwa 50, inatoa 50. Ndicho alichotuambia mzee.

Berlin wakafanya jambo ambalo Wamarekani hawakulifanya. Mnamo 1899 kampuni ya umeme ya mji ule iliamua kuhama kwenda volti 220. Sababu ni shaba. Ukizidisha volti mara mbili kwa nguvu ile ile, mkondo unakuwa nusu, na kinachopotea katika waya ule ule kinashuka mpaka robo. Fedha iliyookolewa kwenye nyaya ikatosha kufidia gharama ya kuwabadilishia wateja vifaa vyao. Ulaya ikafuata pole pole. Marekani walikuwa wameshatandaza sana, wana balbu na mota nyingi za 110, wakaona tabu ya nini. Wakabaki, namba ikapanda kidogo kidogo mpaka 120 ya leo.

Na mizunguko? Hapo ndipo kulikuwa na fujo za kweli. Westinghouse wa Marekani wakakaa kwenye 60, AEG wa Ujerumani wakashika 50. London peke yake mwaka 1918 ilikuwa na volti za aina 24 na mizunguko ya aina 10; mtu akihama nyumba kwenda mtaa wa pili alikuwa hana hakika kama taa yake itawaka. Japani ndiyo kali zaidi, kwa sababu wao hawajapona mpaka leo. Mwaka 1895 Tokyo walinunua jenereta za AEG, mizunguko 50. Mwaka uliofuata Osaka wakanunua za General Electric, 60. Nchi moja, lugha moja, volti 100 pote, lakini mashariki wanazunguka 50 na magharibi 60. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami kuiangusha mitambo ya mashariki, magharibi walikuwa na umeme wa ziada wakashindwa kuuvusha kiasi cha kutosha, maana mashine za kugeuza mizunguko kati ya pande hizo mbili zilikuwa na uwezo wa megawati 1,200 tu.

Sisi Dar es Salaam umeme tuliletewa na Wajerumani mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao. Waingereza wakaurithi, na mwaka 1931 ukakabidhiwa kampuni binafsi. Wote wawili, Mjerumani na Mwingereza, waliishia kwenye 50 na volti mia mbili na kitu, na Mwingereza akatuachia plagi yake ya miguu mitatu ya mraba. Hakuna aliyewauliza wapiga muziki. Wapiga muziki walikuja baadaye, na vyombo kutoka kila mahali: gitaa la Marekani, spika ya Uingereza, kinanda cha Japani kilichopitia Dubai, vyote vinataka kukaa kwenye jukwaa moja na soketi moja.

Turudi Magomeni.

Jioni ile tulichomeka transfoma, tukachomeka kinanda kwenye transfoma. Hammond ile ina swichi mbili. Unashikilia ya kwanza sekunde kadhaa, unasikia ndani kitu kinaanza kuzunguka, kama cherehani ya mbali, kisha unawasha ya pili. Hakuna moshi. Tukashangilia. Mpiga kinanda akaweka mkono kwenye ufunguo wa C, na sauti ikatoka nzito, tamu, nene kama uji wa ulezi. Watoto dirishani wakapiga makofi. Kisha mpiga solo akagusa gitaa lake kwenye C hiyo hiyo.

Jamani! Ilikuwa kama watu wawili wanaogombana msibani. Kinanda kilikuwa kinaimba A, tena A yenyewe imelegea. Mpiga kinanda akajaribu tena, akajaribu funguo zote. Zote chini.

Sasa najua kwa nini. Laurens Hammond kabla ya vinanda alikuwa mtengeneza saa. Alikuwa na kampuni ya saa za umeme Chicago, iliyoanza mwaka 1928, na saa zile hazikuwa na spiringi. Zilikuwa na mota ndogo inayokwenda hatua kwa hatua na mizunguko ya umeme. Mtambo wa mji ukizunguka 60, saa inasema kweli. Mwaka 1935 alipotoa kinanda chake, alitumia mota ya namna ile ile. Ndani mna magurudumu madogo ya chuma yenye meno, 91 katika vile vikubwa, yanazunguka mbele ya sumaku zenye koili, na kila gurudumu linatoa sauti yake. Ndiyo maana Hammond haihitaji kutuniwa kamwe: dola zima la umeme la Marekani ndilo linaloitunia. Mota inakwenda mara 1,200 kwa dakika. Ukiipa mizunguko 50 badala ya 60, inakwenda 1,000. Sauti inashuka kwa kiasi hicho hicho, tano kwa sita. A ya 440 inakuwa kama 367. Hiyo kwa wapiga muziki ni nusu toni tatu kamili, na kipande kidogo cha ziada, kama moja ya sita ya nusu toni. Kile kipande cha ziada ndicho kilichotuua, kwa sababu hata mpiga kinanda akiruka funguo tatu juu, apige E flat kutafuta C, bado hakai sawasawa na wenzake.

Santuri nazo ni vile vile. Gramafoni ya zamani ya Marekani yenye mota ya aina ile, ukiishushia volti vizuri kabisa, sahani ya 45 itazunguka 37 na nusu, na mwimbaji wa kike atasikika kama mjomba wake.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba transfoma ya fundi imeharibu kinanda chetu. Asubuhi tukaenda Gerezani watu saba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na shati jipya. Kiongozi akamtupia lile tofali mezani, akasema maneno, na mzee akajibu kwa sauti ile ile ya chini, "Niliwaambia mizunguko sina uwezo nayo." Tukasikia ni ujanja wa mtu aliyebanwa. Nikasema mimi, kwa mdomo huu, kwamba mtu mzima kama yeye haoni aibu kuwalia vijana jasho lao. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nusu ya pili ya fedha hatukumlipa. Transfoma tukaondoka nayo, kwa sababu hatukuwa wajinga kiasi cha kuacha chuma.

Chuma kile ninacho mpaka sasa. Kimenisaidia kuliko shule. Nilipoanza kuzunguka na bendi nyingine, vijana wakawa wananiuliza, bwana, nimeletewa amplifaya toka Marekani, ninunue transfoma gani, na mimi nawajibu kwa yale aliyotuuliza mzee. Soma kibati chote, usisome nusu. Kinazunguka au hakizunguki? Kama hakina mota ya namna ile, gitaa, amplifaya, kinanda cha kisasa, mizunguko haitakubadilishia sauti, ila chuma cha ndani kilichotengenezwa kwa 60 kitapata joto zaidi kwenye 50, kwa hiyo usikipandishie volti hata kidogo. Hapa ndipo vijana wa Kariakoo wanapouziwa maumivu: transfoma imeandikwa 220 kwa 110, wanaichomeka kwenye soketi ya 240, inatoa 120, halafu wanailisha kinanda cha Japani cha volti 100. Asilimia ishirini zaidi, na joto la Dar juu yake. Kitapiga wiki tatu, kitakufa katikati ya "bwana harusi anaingia".

Ukubwa pia. Kama kifaa kinakula wati 200, usinunue transfoma ya 200. Mimi huongeza nusu nzima. Amplifaya haili kwa utaratibu. Besi ikipigwa inameza ghafla, na transfoma ndogo inazama, sauti inakwaruza, na lawama anapewa mpiga besi. Na vile vigeuzi vyepesi vya mfukoni, vinavyoandikwa wati elfu na vinatosha kiganjani, hivyo ni vya pasi na vikausha nywele vya wasafiri. Vinaukata umeme vipande vipande. Kwa muziki, utasikia nyuki, kisha hutasikia kitu. Transfoma ya kweli ina uzito. Na uiweke mbali na gitaa, maana sumaku yake inaingia moja kwa moja kwenye pikapu za nyuzi na kuvuma.

Kuna jambo moja mzee alilifanya bila kuambiwa, na nimelifahamu nilipoifungua mwaka jana. Zile za bei rahisi zina koili moja tu, umeme wa ukutani na wa kifaa vinachangia waya ule ule. Yeye alisuka koili mbili mbalimbali, akatia karatasi ya kuhami katikati, na akavusha waya wa ardhi kutoka plagi yetu ya miguu mitatu mpaka upande wa pili. Ilimgharimu shaba zaidi kwa bei ile ile. Mpiga gitaa ana mikono kwenye nyuzi za chuma na mdomo kwenye maikrofoni. Ardhi ikikosekana upande mmoja, yeye ndiye waya. Mei 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea kwa sababu hiyo hiyo, maikrofoni isiyo na ardhi. Vyombo vingi vya zamani vya Marekani vina miguu miwili tu. Mzee alituona tulivyo, akatusukia namna ya kutuhifadhi, na sisi tukamwita mwizi.

Siku hizi mambo yamerahisika. Kinanda kipya geuza nyuma utakuta 100 mpaka 240, mizunguko 50 au 60, chenyewe kinajipanga. Unahitaji kubadilisha miguu ya plagi tu. Lakini wanaotafuta sauti za zamani bado wapo, na vyombo vya zamani bado vinakuja kwenye makontena.

Kinanda chetu kilikaa miezi minne kimefunikwa kanga. Tungeweza kukitumia, na hili ndilo linaloniuma kisanii: magitaa yangelegezwa kidogo tu, tarumbeta ivutwe nje kidogo, mpiga kinanda aruke funguo tatu, na tungepata sauti isiyokuwa na bendi yoyote mjini. Kiongozi alikataa. Eti magitaa matatu hayawezi kukifuata kinanda kibovu kimoja. Mwishowe kikanunuliwa na kwaya moja kwa bei ya kutupa. Kwaya haina gitaa wala tarumbeta. Kinanda kinaanza, watu wanashika hapo hapo kilipo, na mabesi wao walifurahi sana. Niliwasikia Pasaka ya 1995, nimesimama nje, hakuna aliyejua kwamba wote wanaimba nusu toni tatu chini ya kitabu.

Gerezani nilirudi mwaka 1999, baada ya kusoma habari za Hammond katika kitabu cha kuazima. Kibanda kilikuwa kinauza kandambili. Jirani akaniambia mzee amerudi kwao Korogwe, hakuacha anwani, na akaniuliza kama mimi ni mmoja wa wanaomdai. Nikamwambia hapana, yeye ndiye anayenidai, nusu ya transfoma. Akanitazama, akaendelea kupanga kandambili zake kwa rangi.